Mikataba Miwili ya Aendaye Kazi Ugenini

(Somo la mwezi huu kwa vikundi vya mtaa. Lafaa kusomwa kwanza nyumbani, wazazi na vijana pamoja, kisha lizungumzwe katika kikundi. Maswali yako mwisho.)



Kila baada ya miezi michache, ibada ikiisha, kijana mmoja husimama mlangoni mwa kanisa akimngoja Padre. Mkononi ana bahasha, na ndani yake mna pasipoti mpya. Habari yake ni ile ile: amepata kazi katika nchi za Ghuba, ataondoka juma lijalo, aombewe. Tunamwombea, tunampa mkono, akina mama wanampa kanga ya safari. Halafu yeye anaondoka, nasi twarudi nyumbani tukihesabu mioyoni mwetu fedha atakazotuma.

Katika yote hayo ni nadra kumsikia mtu akimwuliza neno moja: "Mmepatana nini?" Wala hatumwulizi amepatana nini na huyo mwajiri wa huko, wala amepatana nini na sisi tunaobaki.

Somo hili lahusu neno hilo. Aendaye kazi ugenini anaingia katika mikataba miwili, apende asipende. Wa kwanza ni kati yake na mwajiri. Wa pili ni kati yake na watu wa nyumbani. Mkataba wa kwanza tumeanza kuujali, maana tumesikia habari za watu walioteswa na walionyimwa mishahara. Lakini mkataba wa pili hatuuandiki kabisa. Na mimi niwaandikiaye nimeona kwa macho yangu kwamba mtu aweza kuokoka na hatari zote za mkataba wa kwanza, kisha akaangamizwa na huo wa pili.

KISA CHA NYUMBANI KWANGU

Mimi ni mhazini wa mtaa wetu kwa miaka mingi. Mnanijua. Sadaka ya Jumapili huhesabiwa mbele ya wazee wawili, huandikwa, nasi hutia sahihi zetu. Shilingi 200 ikipotea sipati usingizi.

Mwaka 2017 mdogo wangu wa kike alikwenda Oman kufanya kazi ya nyumbani. Mshahara wake ulikuwa riyali 80 za Oman kwa mwezi. Miezi 3 ya kwanza hakutuma kitu, maana alikuwa akilipa deni la wakala aliyempeleka. Baada ya hapo alituma riyali 60 kila mwezi, naye akabaki na 20. Zilipofika kwetu zilikuwa kama shilingi 350,000. Alizituma kwangu, maana mimi ndimi kaka yake mkubwa, na tena ni mhazini wa kanisa. Alitaka ajengewe nyumba ndogo ya vyumba vitatu katika kiwanja cha marehemu baba.

Alirudi mwaka 2021, baada ya mikataba miwili ya miaka miwili miwili. Alikuta pagale lililofika usawa wa lenta, na nyasi zimeota ndani. Hakulia wala hakupiga kelele. Jioni, tulipokwisha kula, aliniambia, "Kaka, naomba daftari."

Sikuwa na daftari.

Tulikaa usiku ule tukihesabu kwa vidole. Miezi 45, shilingi 350,000 kila mwezi, ni shilingi 15,750,000. Nilijaribu kukumbuka. Ada ya shule ya watoto wangu wawili. Msiba wa mjomba. Matibabu ya Mama. Mkopo wa binamu wa kununua pikipiki, ambao haukurudi. Sare za harusi. Mahindi ya mwaka ule mvua zilipokosa. Saruji na matofali. Kila kitu kilikuwa cha haki kwa siku yake, na sikunywa pombe hata shilingi moja. Walakini zaidi ya nusu ya fedha zile sikuweza kusema zilikwenda wapi. Mimi, mtu wa kuhesabu sadaka mbele ya mashahidi, nilishika jasho la mdogo wangu kwa miaka minne pasipo shahidi wala kalamu.

Sikueleza haya ili mnihurumie. Nimeeleza kwa sababu nimekwisha kuuliza katika nyumba nyingine za mtaa huu, na hadithi ni hiyo hiyo.

MKATABA WA KWANZA: NA MWAJIRI

1. Wakala na malipo yake. Anza hapa, maana deni la safari ndilo linalomfunga mtu kabla hajafika. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa mwaka 1997 waweka kanuni kwamba wakala asimtoze mfanyakazi malipo ya kumtafutia kazi. Gharama ni ya anayehitaji mfanyakazi. Hata sheria ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2022 juu ya wafanyakazi wa nyumbani yakataza jambo hilo. Basi wakala akikuambia ulipe mamilioni, au kwamba mishahara yako ya kwanza itakatwa, simama uulize. Nenda kwanza ofisi ya serikali ya huduma za ajira, yaani TaESA, au ofisi ya kazi iliyo karibu, uulize kama huyo mtu ana leseni. Walio Zanzibar waulize Kamisheni ya Kazi. Ndugu zetu wa upande wa Kenya wanayo Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Wakala wa kweli haogopi kuulizwa.

2. Viza. Soma viza yako, na kama hujui lugha yake tafuta mwenye kuijua. Wako wanaopelekwa kwa viza ya matembezi, wakiambiwa kwamba itabadilishwa wakifika. Kufanya kazi kwa viza ya matembezi ni kosa la sheria huko. Mwajiri akikudhulumu, utamshitakije nawe mwenyewe u mkosaji? Huo ndio mtego wake.

3. Mkataba wenyewe. Uwe umeandikwa, uwe na nakala yako, na nakala nyingine ibaki nyumbani. Angalia mambo haya: jina na mahali pa mwajiri, kazi gani, saa ngapi, siku ya mapumziko, mshahara ni kiasi gani na hulipwa tarehe gani, chakula na malazi ni juu ya nani, nauli ya kurudi ni juu ya nani. Wengi hutia sahihi mkataba mmoja huku, wakifika hupewa mwingine wenye mshahara mdogo. Twajua habari ya Yakobo kwa Labani, katika kitabu cha Mwanzo: alifanya kazi ugenini kwa mjomba wake, na mshahara wake ukabadilishwa mara kumi. Ikiwa mjomba alifanya hivyo, sembuse mtu usiyemjua? Nakala iliyobaki nyumbani ndiyo itakayosema nini kilichokubaliwa.

4. Jina la fedha. Hapa wengi wamepotea. Riyali ya Oman si riyali ya Saudia, wala si riyali ya Qatar. Riyali 1 ya Oman ni kama dola 2.60 za Marekani. Dola 1 ni riyali 3.75 za Saudia, na riyali 3.64 za Qatar. Kwa hiyo riyali 100 za Oman ni kama dola 260, na riyali 1,000 za Saudia ni kama dola 267. Karibu ni sawasawa! Lakini nimemwona kijana akikataa 100 na kukimbilia 1,000, akidhani ameongezewa mara kumi. Ukitajiwa mshahara, ugeuze kwanza kuwa dola, halafu kuwa shilingi, ndipo ulinganishe.

5. Mshahara wa msingi na posho. Watu wawili waweza kupewa dirhamu 1,800 kila mmoja huko Falme za Kiarabu, na bado wasiwe sawa. Mmoja mkataba wake wasema msingi 1,500 na posho 300. Mwingine msingi 1,000 na posho 800. Kwa wafanyakazi wa makampuni katika nchi hiyo, kiinua mgongo huhesabiwa kwa mshahara wa msingi tu: siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, maadamu mtu amemaliza mwaka mmoja. Basi baada ya miaka minne yule wa kwanza atapewa dirhamu 4,200, na wa pili 2,800. Tofauti ya 1,400 imetokana na mstari mmoja wa karatasi ambao hakuusoma.

6. Pasipoti na mapumziko. Pasipoti ni yako, si ya mwajiri. Qatar ilikataza kwa sheria ya mwaka 2015 mwajiri kuikalia, na Falme za Kiarabu kadhalika katika ile sheria ya mwaka 2022. Sheria hiyo yampa mfanyakazi wa nyumbani siku moja ya mapumziko kwa juma, saa 12 za kupumzika kwa siku, na likizo ya siku 30 yenye malipo kwa mwaka. Kuwait nayo ilitunga sheria ya wafanyakazi wa nyumbani mwaka 2015. Qatar ilitunga yake mwaka 2017: kazi isizidi saa 10 kwa siku, siku moja ya mapumziko, likizo ya majuma matatu, na kiinua mgongo cha majuma matatu kwa kila mwaka. Tena tangu Machi 2021 Qatar imeweka kima cha chini cha riyali 1,000 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, wa nyumbani pia. Na asiyepewa malazi huongezewa 500, asiyepewa chakula 300.

Lakini tuseme kweli: sheria iko barabarani, na kazi iko ndani ya nyumba iliyofungwa mlango. Wapo wanaonyang'anywa pasipoti mpaka leo. Ndiyo maana yakupasa uende na picha au nakala ya pasipoti, viza na mkataba, na nakala hizo hizo ziwe kwa mtu wa nyumbani. Andika namba ya ubalozi wetu mahali usipoweza kupoteza. Tanzania ina balozi Muscat, Riyadh, Abu Dhabi, Doha na Kuwait.

7. Kutafuta kazi nyingine ukiwa huko. Katika nchi za Ghuba kibali chako cha kukaa kimefungwa na mwajiri wako, nao huita desturi hiyo kafala. Mtu akitoroka, mwajiri huripoti, na tangu siku hiyo mtu huyo ni mvunja sheria hata kama alitoroka kwa haki. Atafanya vibarua vya kujificha, atalipwa atakachopewa, na siku ya kurudi atakuta faini. Kwa hiyo usitoroke kwa sababu ya mshahara mdogo au maneno ya rafiki kwamba mahali fulani wanalipa zaidi. Iko njia. Qatar iliondoa mwaka 2020 sharti la kumwomba mwajiri ruhusa ya kuhama. Mfanyakazi hutoa taarifa ya mwezi mmoja ikiwa hajapita miaka miwili kwa mwajiri huyo, au miezi miwili ikiwa amepita. Nchi nyingine zina masharti yao, na ubalozi utakuelekeza. Lakini kama unapigwa, au unatendewa uovu, hapo hatusemi habari ya kusubiri: toka, uende ubalozini au polisi.

Neno moja juu ya ushirika. Katika Ghuba kuna Dayosisi ya Kianglikana ya Kupro na Ghuba, iliyoundwa mwaka 1976, nayo ina makanisa Abu Dhabi, Dubai, Doha na Bahrain. Huko Muscat pia yako mahali pa ibada. Saudia hakuna kanisa la hadhara. Anayepata siku ya mapumziko na aende, maana huko hukutana na watu wa kwao, na habari za mwajiri mwema au mbaya hupatikana kwa watu, si kwa matangazo. Kabla ya kuondoka chukua barua ya utambulisho kwa Padre.

KUTUMA FEDHA

Kabla hatujafika kwenye mkataba wa pili, tupite kwa yule aliye katikati, yaani mwenye kutuma fedha. Yeye hupata faida kwa njia mbili. Ya kwanza waiona: ada. Ya pili imefichwa: bei anayoigeuzia fedha yako.

Tuseme una riyali 500 za Qatar. Duka la kwanza latoza ada ya riyali 20, na kila riyali huigeuza kwa shilingi 690. Duka la pili lasema halitozi ada, na hugeuza kwa shilingi 675. Lipi bora? La kwanza litafikisha nyumbani shilingi 331,200. La pili litafikisha 337,500. Siku nyingine itakuwa kinyume chake. Basi usiulize ada, wala usiulize bei. Uliza swali moja tu: "Nikikupa riyali 500, atakayepokea atapata shilingi ngapi mkononi?" Waulize wawili au watatu, halafu chagua.

Tena, pale ada isipobadilika, kutuma mara nne kwa mwezi ni kulipa ada mara nne. Tuma mara moja, kwa tarehe moja. Na usimpe msafiri asiyejulikana, wala yule asemaye atafikisha kwa bei nzuri kuliko wote pasipo stakabadhi. Ikipotea, utamdai nani?

Na jambo hili lisisahauliwe: mgeni wa kutoka kwetu afanyaye kazi huko hakatiwi fedha za pensheni kama hapa. Mshahara huja mzima, na huo uzima wake hudanganya. Mtu wa kukuwekea akiba ya uzee ni wewe mwenyewe. Uliza ofisi ya NSSF juu ya kuchangia kwa hiari, au jiwekee katika benki. Tena jihadhari na mikopo ya huko. Deni likifikishwa mahakamani, mtu aweza kuzuiwa kusafiri mpaka alipe.

MKATABA WA PILI: NA WATU WA NYUMBANI

Huu ndio mkataba tusioutaka, maana twaona haya. Twasema, "Sisi ni ndugu, tuandikiane nini?" Ndugu zangu, ni kwa sababu tu ndugu. Mgeni akikudhulumu utamshitaki. Ndugu akikumalizia mali utanyamaza, na kimya hicho kitakaa kati yenu miaka yote.

Keti na watu wako kabla ya safari, na andikeni mambo haya sita.

Kwanza, fedha zaenda kufanya nini? Taja jambo moja au mawili, na gharama yake. "Kusaidia nyumbani" si jambo, ni shimo lisilo na mwisho. "Cherehani mbili na chumba cha duka" ni jambo.

Pili, mshahara utagawanywaje? Sehemu ya nyumbani, sehemu ya akiba, sehemu ya mfanyakazi mwenyewe, na sehemu ya dharura. Msiisahau ya mfanyakazi. Mdogo wangu alikaa na riyali 20 kwa mwezi kwa miaka minne, akinunua sabuni, dawa na vocha, akapita baridi moja bila sweta. Hatukumwuliza hata siku moja, "Na wewe umebakiwa na nini?"

Tatu, akiba ikae wapi? Ikae katika akaunti ya benki yenye jina la mfanyakazi mwenyewe, iliyofunguliwa kabla hajaondoka. Isikae kwa kaka, wala kwa mama, wala kwa mchumba. Si kwa kuwa hawa ni wezi. Fedha iliyo mkononi mwa mtu ina masikio: husikia kila mwenye shida akibisha hodi. Mimi sikuwa mwizi, lakini sikuwa na nguvu ya kumwambia shangazi "hakuna" hali akijua zimekuja.

Nne, dharura ni nini? Andikeni. Ugonjwa wa kulazwa, ndiyo. Msiba wa nyumba yetu, ndiyo, kwa kiasi fulani. Sare ya harusi, hapana. Mkopo kwa ndugu, hapana. Sehemu ya dharura ikiisha, imekwisha mpaka mwezi ujao. Hapo mwenye kupokea hukataa bila kugombana, maana si yeye akataaye, ni karatasi.

Tano, nani ataandika daftari? Mtu mmoja aandike, na mwingine akague. Kila mwisho wa mwezi ukurasa upigwe picha na kutumwa kwa mwenye fedha. Kama ni ujenzi, picha ya ujenzi iende pamoja na stakabadhi za saruji na mabati. Ujenzi wa vipande vipande bila msimamizi ndio uliojaza mapagale katika vijiji vyetu.

Sita, atarudi lini? Safari isiyo na tarehe ya mwisho huongezwa daima. Kila mkataba ukikaribia kwisha, nyumbani hutokea haja mpya, na mtu huongeza miaka miwili, na mingine miwili, mpaka ujana umekwisha. Andikeni tarehe, au kiasi cha fedha ambacho kikifikiwa atarudi. Na wenye watoto waandike ni nani atakayekaa na watoto, kwa fedha gani, na watazungumza na mama yao siku gani.

NA SISI TUNAOBAKI

Yafaa tuseme na nafsi zetu pia. Mtu akipata kazi ugenini, mara sisi tulio nyumbani tunaacha kulima. Shamba linaota majani kwa sababu "fedha itakuja." Kila simu tumpigiayo ina haja ndani yake, hata mwenyewe akiona namba yetu moyo wake hushtuka. Mdogo wangu aliniambia kwamba kulikuwa na miezi mitatu mizima ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyempigia kumsalimu tu. Hilo liliniuma kuliko hesabu ya fedha.

Tumpigie bila haja. Tumwulize amelala saa ngapi, amekula nini. Ndivyo tutakavyojua pia kama anateswa, maana mtu ambaye huulizwa fedha tu hatasema habari ya mateso yake.

MWISHO WA KISA

Mwaka 2022 mdogo wangu alikwenda tena, safari hii Qatar, kwa riyali 1,200 kwa mwezi, chakula na malazi kwa mwajiri. Hakulipa wakala kitu. Kabla hajaondoka tuliketi watu watano mezani kwa Mama, tukaandika ukurasa mmoja. Riyali 400 za nyumbani. Riyali 500 za akiba, ziende katika akaunti yake mwenyewe. Riyali 100 za dharura. Riyali 200 zake. Miaka miwili, basi. Mama alitia dole gumba. Shangazi alikasirika, akasema tumekuwa Wazungu, wala hakutia sahihi mpaka siku ya pili.

Niliomba nipewe kazi ya kuandika daftari. Nilidhani atakataa. Aliniangalia kwa muda, akasema, "Andika wewe, Kaka. Lakini mkaguzi awe mke wako." Kila mwisho wa mwezi nilimpelekea ukurasa. Mara mbili mke wangu alinirudisha nikatafute stakabadhi.

Alirudi mwaka 2024. Akaunti yake ilikuwa na zaidi ya shilingi milioni 7, na kiinua mgongo chake cha majuma sita kilikuwa karibu riyali 1,700. Ana cherehani mbili na chumba cha duka, na wasichana wawili wanajifunza kazi kwake. Si tajiri. Pagale bado halijaezekwa lote. Ameezeka vyumba viwili, na hicho cha tatu nimeambiwa ni juu yangu. Ni haki. Ninakilipa kidogo kidogo, na malipo hayo nayo yameandikwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika mtaa wetu, ni nani aliye ugenini sasa? Je, tunajua jina la mwajiri wake na mahali anapokaa? Nakala ya mkataba wake iko kwa nani?

2. Riyali 90 za Oman na riyali 900 za Saudia: ipi ni kubwa? Hesabuni pamoja kwa kutumia dola.

3. Kwa nini twaona haya kuandikiana na ndugu, hali sadaka ya kanisa twaiandika kila Jumapili?

4. Anayepokea fedha za ndugu yake aweza kukataa maombi gani? Aseme maneno gani ili asivunje udugu?

5. Kazi ya nyumbani: kila mwenye mtu ugenini ampigie simu juma hili, wala asiombe kitu. Na ampelekee hesabu ya mwezi uliopita, hata kama hakuiomba.